Kimya Nilichokijaza

Mwamini, binti yangu,

Mambo ya mizigo mama yako amekwisha kuyamaliza. Amekuonyesha sabuni iko wapi, amekufungia mchele na samaki wa moshi wa kukufikisha Ubundu, amekukataza kulala karibu na mashine ya bato, ile meli ya mto. Mimi sina la kuongeza. Katika nyumba hii huwa natoa maagizo ambayo yamekwisha kutolewa na mtu mwingine, nanyi mnanisikiliza kwa heshima, kisha mnaenda kuchekea jikoni. Msidhani sisikii.

Nakuandikia kwa sababu ya yale yaliyotokea mezani juzi.

Ulisema kwamba ukifika Kinshasa, kazi yako ya kwanza pale chuoni itakuwa kuchukua vile vipande vitatu vya piano alivyotunga mama yako na kuvipangia okestra nzima: fidla, filimbi, tarumbeta, ngoma, na likembe mbili za kupigwa kwa vidole gumba, zimekaa mbele kabisa. Uliyasema hayo kijiko kikiwa hewani, macho yakiwaka. Nilifurahi, sikufichi. Mama yako akasema, "Apana."

"Mama, juu ya nini?"

"Nimesema apana. Kula, mutoto."

"Lakini njo kazi yako, batu bataisikia Kinshasa yote!"

Akainuka, akaenda nje kuangalia makaa ambayo hayakuwa na shida yoyote. Nawe ukaniambia mimi, kwa sauti ya kutosha kumfikia yeye kule nje: "Mama hapendi kitu yangu hata moja. Hapendi muziki, njo vile tu." Mimi nikachukua kipande cha samaki nikala. Mwalimu wa muziki mwenye mvi, ninayeogopwa na wavulana wenye ndevu, nilikuwa na la kusema, nikaona bora nitoe miiba ya samaki.

Sitaki uondoke na neno lile. Si la kweli, na aliyelipanda kichwani mwako ni mimi.

Mama yako alikuwa anapiga piano kabla mimi sijajua piano ina miguu mingapi. Unajua kwao ni Alunguli, ng'ambo ya mto, watu wa msikiti. Baba yake alikubali asome kwa masista kwa sharti moja tu, asiimbe nyimbo za kanisa. Basi wenzake walipokuwa wanaimba, sista mmoja mzee hakutaka kumwona amekaa bure, akamweka kwenye piano ya chumba cha nyuma. Ni ileile uliyojifunzia wewe, yenye balbu inayowaka ndani yake ili unyevu usivimbishe mbao. Msichana aliyekatazwa kuimba akaanza kutunga, na hakumwambia mtu.

Kipande cha kwanza ni cha baki, kile kivuko alichokuwa anapanda kila asubuhi kuja shule. Dereva wake alikuwa bahili wa mafuta. Akikaribia ukingo alizima mashine, na watu wote wakakaa wanangoja maji yawapeleke. Mama yako aliyaweka mangojeo yale ndani ya muziki. Mikono inatulia, unadhani amesahau, kisha inakuja noti moja ya chini, chuma kimegusa nchi kavu. Cha pili ni cha wanawake wawili wanaotwanga mpunga katika kinu kimoja, mmoja amechoka na mwenzake anamngojea bila kumwambia kwamba anamngojea. Hivi viwili nilikufundisha mwenyewe. Cha tatu uliponiomba, nilikuambia nimekisahau. Nilikudanganya.

Kaka yako Idi unamjua kwa kaburi lake tu. Alipofariki mimi nilikuwa Kinshasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo hichohicho unachokwenda wewe, kijana wa Pangi aliyejifunza tarumbeta kwa mapadre na kujiona amezaliwa kuongoza okestra. Homa ilimchukua mtoto upesi. Habari ilinifikia kwa redio ya misheni, akiwa amekwisha kuzikwa. Nilipokuja likizo nilijiandaa kwa kilio, nilijiandaa hata kwa kulaumiwa. Mama yako hakulia wala hakunilaumu. Siku iliyofuata alinishika mkono tukaenda shuleni kwa masista, akakaa kwenye piano, akanipigia.

Mkono wa kulia ulipiga noti chache, za mtu anayeimba peke yake akitandika kitanda. Kisha mikono yote miwili ikainuka, akawa anasikiliza. Nasema alisikiliza kwelikweli, kichwa amekiinamisha, vile mama anavyosikiliza kama mtoto aliyelala chumba cha pili ameamka. Kimya. Akarudia zile noti, akainua mikono, akasikiliza tena. Kila mara kimya kilirefuka. Kipande kile hakina mwisho kama vingine, kinaisha yeye akiwa bado anasikiliza. Nililia hadi sista akaja kuchungulia mlangoni.

"Njo vile ilikuwa," akaniambia, akafunika piano.

Sikuwahi kupata maelezo mengine juu ya siku zile, na sikuyahitaji. Alikuwa amenieleza yote.

Mwaka uliofuata nikachukua kitu kile nikakipeleka uwanjani.

Tulipewa zoezi chuoni: kila mwanafunzi achukue vipande vya piano vya mtunzi mwingine, avipangie okestra. Zamani wanafunzi walikuwa wanachukua vya Wazungu waliokufa. Lakini siku zile tulikuwa tumekwisha kubadilisha majina ya Kizungu kwa amri ya Kiongozi wa nchi, mimi niliondoka Kindu nikiitwa Yosefu na nikarudi nikiitwa Kalonda, na profesa aliogopa kupeleka kazi za Wazungu mbele ya wakubwa. Akasema, "Leteni za Wazaire." Wenzangu wakakuna vichwa. Nani alikuwa ametunga kwa piano katika vijiji vyao? Mimi nikamkumbuka mama yako, nikainua mkono nikasema, "Miye niko na bibi." Darasa zima likacheka, lakini profesa hakucheka. Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nifike pale.

Nilimwandikia mama yako kwamba nina habari njema kwa ajili yake. Unisome vizuri hapo, Mwamini. Sikumwomba, nilimpa habari. Vipande vyote vitatu nilikuwa nimekwisha kuviandika kwa sikio, hata kile cha Idi, nilichokisikia mara moja tu. Nilijivunia sikio langu.

Okestra yenyewe tuliipata hapa hapa Kindu wakati wa likizo ndefu: fanfari ya mji, ile bendi ya matarumbeta, gitaa mbili, likembe, ngoma, na nyuma yao kikundi cha animasyo, wale wanawake na vijana waliokuwa wanacheza na kumwimbia Kiongozi kila alipokuja mkubwa fulani. Na mkubwa alikuwa anakuja, Komisere, mkuu wa jimbo. Niliambiwa kazi yangu ya chuo itafaa kumpokelea uwanjani.

Hapo ndipo vimya vya mama yako vikaanza kunisumbua. Siku ya kwanza ya mazoezi, yule mzee aliyekuwa anapiga besi kubwa ya shaba, ile inayomzunguka mtu mwili mzima, aliangalia karatasi yake akaona mistari mitupu. Akaniita pembeni.

"Mwalimu, hapa miye nafanya nini?"

"Hapo unangoja, baba."

"Nangoja? Nitasimama na hii chuma ku mabega, mbele ya Komisere, kinywa imefungwa? Batasema yule muzee anakataa kuimbia Kiongozi. Na bibi yangu atakuwa pale, ananiangalia."

Tulicheka. Lakini neno lake liliniingia, kwa sababu lilikuwa la kweli. Wewe umekulia humu, unajua. Mtu asiyepiga makofi wakati wa wimbo anaonekana, na akishaonekana ataulizwa. Nikaenda nyumbani nikachukua kalamu. Pale baki ilipokuwa inaelea, nikaweka tarumbeta. Pale mwanamke alipokuwa anamngojea mwenzake kinuni, nikaweka ngoma. Na pale mama yako alipoinua mikono kumsikiliza Idi, nikaweka makofi. Makofi ya watu wote, na maneno ya kumshukuru Kiongozi kwa amani.

Kwa miaka mingi nimejitetea kwamba niliogopa. Sitaki kukuachia uongo ule kama urithi. Katibu wa vijana wa chama cha Kiongozi alikuja mazoezini mara moja, akakaa kwenye kiti, akasema, "Iko muzuri," akauliza kama kuna bia. Nilikuwa nimekwisha kujaza kila kitu kabla hajafika. Hakuna aliyeniamuru. Na siku ile fanfari ilipopiga yote kwa mara ya kwanza, bila pengo hata moja, mwili ulinisisimka kwa furaha. Niliona nimeikamilisha kazi ambayo mke wangu aliiacha nusu.

Mama yako alisikia habari za uwanja, lakini mazoezi hakuyasikia. Alikuwa anafundisha watoto wadogo ng'ambo, nami nilitaka iwe zawadi ya kumshtua. Siku ilipofika, wake wa watu waliohusika waliwekwa mbele pamoja na kikundi, wamevaa kitambaa cha chama chenye picha. Yeye alikuwa wa tatu kutoka ukingoni. Walikuwa wamefundishwa asubuhi ileile: mwalimu akiinua mkono wa kushoto, mnapiga makofi.

Tulipofika kipande cha tatu nilimwona amekitambua. Hakugeuza uso. Zile noti chache zikapigwa na saksafoni, akainamisha kichwa kidogo, ile ile namna yake ya kusikiliza. Mimi nikainua mkono wa kushoto.

Akapiga makofi, Mwamini. Angefanya nini? Alipiga sawasawa kwa mapigo, mama yako hajakosea mapigo maisha yake yote. Alimpigia makofi mtoto wake aliyekufa kila mara nilipoinua mkono, mpaka mwisho, na Komisere akasimama akashangilia.

Nyumbani alipika wali na sombe ya majani ya muhogo. Nilikaa nangoja anisifu, naona haya kukuandikia hivyo lakini ndivyo nilivyongoja. Aliweka sahani mbele yangu akasema, "Ulibapa bote kazi. Hakuna mutu alingoja." Akaenda kuoga. Tangu siku ile hajanipigia tena piano.

Sifa nilizipata. Chuoni sikurudi. Walinitaka nizunguke na lori kufundisha vikundi vya animasyo, Pangi, Lubutu, hadi Obokote, na kila mahali watu walinipokea kwa kuku na kuniita Maestro. Nilipenda lori lile. Nilipenda jina lile. Nilijiambia masomo yataningoja. Nilipokuja kuamka, nafasi yangu ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine, na mimi sikuwa nimetunga wimbo hata mmoja wangu mwenyewe. Hadi leo sijatunga. Nimekuwa fundi wa kujaza vya watu, na hata hapa nyumbani nimekuwa hivyo hivyo. Mama yako akinyamaza kidogo mimi naleta mzaha, naleta habari za shule, nauliza chumvi iko wapi na chumvi iko mbele yangu.

Kile kipande cha tatu hakikubaki uwanjani. Shule zilikichukua. Kwa miaka kadhaa watoto wa mji huu walikiimba asubuhi bendera ikipanda, pamoja na makofi yake. Nawe ulikiimba. Sasa unakijua ni kipi.

Na sasa utakumbuka lile kofi. Ulikuwa darasa la kwanza, unaosha sahani nyuma ya nyumba, ukaimba wimbo ule na kupiga makofi kwa mikono yenye povu. Mama yako alikuja akakuchapa shavuni. Hakuwa amekupiga kabla, wala hajakupiga tena baadaye. Ulinijia mbio unalia, unaniuliza, "Papa, nimekosa nini?" Nami nilijua. Nilijua kila kitu, nikakuambia, "Mama iko amechoka." Baadaye ulipouliza kwa nini mama haji kukusikiliza ukipiga piano, nikakuambia yeye si mtu wa muziki tena.

Uwanjani nilikuwa kijana mwenye kiburi, na vijana wa namna ile ni wengi. Lakini nyuma ya nyumba nilikuwa baba yako. Nilimwacha mama yako achukiwe na mtoto wake ili mimi niendelee kupendwa. Kosa hili linaniuma kuliko lile la uwanjani, na ndilo lililonikalisha hapa jioni nzima tangu wageni waliokuja kukuaga walipoondoka.

Sikuambii kwamba Kinshasa usipige makofi. Utapiga, kila mtu anapiga, na barua hii usiisomee mtu ndani ya bato. Ukilazimishwa, piga urudi chumbani kwako ukalale. Ninachokuomba ni kwamba usiongeze makofi ambayo hakuna aliyekuomba. Na mtu akikupa kazi yake uipangie vyombo, kaa naye kwanza. Muulize kwa nini hapa hakuweka kitu. Mimi nilikuwa nalala kitanda kimoja na mtunzi, sikumuuliza.

Leo mchana, ulipokwenda Alunguli kuwaaga mama zako wadogo, hatimaye nilimuuliza. Alikuwa anachagua mawe katika mchele wako. Nilikaa karibu naye kwenye mkeka, nikaanza kuchagua pia, vibaya, maana macho yangu unayajua.

"Sakina," nikamwambia, "zile tatu. Mutoto akizipangia okestra, wewe unataka iwe namna gani?"

Aliendelea kuchagua. Nilisikia jirani anapasua kuni, nikasikia ulimi wangu wenyewe unatafuta mzaha. Nikaushika. Alichagua mchele mpaka ungo ukabaki safi, akamimina mwingine.

"Ya baki na ya kinu, achukue," akasema. "Lakini akumbuke batu ba ndani ya baki hawapigi tarumbeta. Banangoja."

"Na ile ya tatu?"

"Ile haiende. Ile njo ya mutoto wangu."

"Wetu," nikasema, halafu nikaogopa kwamba nimejaza tena.

Alitupa jiwe moja nje ya mkeka. "Wetu," akakubali. Kisha akasema: "Kesho, mbele ya bato kuondoka, nitamupeleka Mwamini kwa masista. Nitamupigia. Haijui, anajua tu ile ya bendera. Mwambie asikilize tu, asiandike."

Basi ndiyo habari niliyoachiwa nikupe. Asubuhi atakuamsha mapema, usimuulize mnakwenda wapi. Kaa upande wake wa kushoto, mahali utakapoona mikono inavyoinuka. Ikiinuka, usitazame mlangoni, usikohoe, usimshike bega. Msikilize Idi pamoja naye. Mimi hakuniita, wala sikuomba niitwe. Nitatangulia bandarini na mizigo yako, na mkichelewa nitagombana na watu wa bato mpaka mfike.

Halafu utasafiri. Utakaa siku nzima juu ya maji huna la kufanya, kipande chote kitakuwa kichwani mwako tangu noti ya kwanza, maana sikio lako ni zuri kuliko langu. Kalamu unayo, karatasi za muziki nimekununulia mwenyewe, na hakuna mtu atakayekuona. Mimi, katika umri wako, ningekiandika chote kabla ya Ubundu. Wewe kiache.

Baba yako,
Kalonda